YAYA, TOTO NA MLEZI: SOMO NILILOLIPATA SHULE ZILIPOFUNGWA

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitupa kazi moja sote wanachama: kila mtu achague neno moja, alifuatilie litumikavyo nyumbani, sokoni na vitabuni, kisha aandike aliyoyaona. Wenzangu walikimbilia maneno makubwa makubwa kama "utandawazi" na "ufisadi". Mimi nikachagua "yaya". Wakanicheka. Ati neno la jikoni! Mmoja akaniuliza kama nina mpango wa kwenda kuandikwa kazi Nairobi. Nilinyamaza, maana neno hilo nililivaa miezi tisa na zaidi, tena bila kujua kwamba nimelivaa.

Tuanze na kamusi kama tulivyofunzwa. Yaya, kwa Kiswahili sanifu, ni mwanamke aliyeajiriwa kulea watoto wa mtu mwingine. Wengine husema aya. Neno hili huhusishwa na neno la Kireno aia, mwanamke wa kutunza watoto, ambalo lilitumika India pia. Hapa Lodwar ukisema yaya utaeleweka, lakini midomoni mwa watu utasikia zaidi "hausgeli", "msichana wa kazi" au, kwa vijana wa stendi, "mboch". Majina yote hayo ni ya mtu anayelipwa. Anayefanya kazi ileile bila kulipwa hana jina. Tafadhali shika hilo, tutalirudia.

Sasa twende mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13. Jumapili Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Katika hotuba hiyohiyo waajiri waliombwa wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Sisi watoto tulishangilia, sitaki kudanganya. Nilikuwa darasa la tano, mdogo wangu wa kiume alikuwa gredi ya nne, na kitinda mimba wetu, msichana, alikuwa na miaka miwili na nusu. Mama alikuwa mfanyakazi wa usafi hospitalini. Baba alikuwa utingo wa lori la mizigo, akionekana nyumbani kama mvua ya Turkana.

Ukiipima hotuba ile kwa mizani ya nyumba yetu utaona tatizo mara moja. Mtu wa kupiga deki wodi hawezi kufanyia kazi nyumbani. Mama alikuwa huduma muhimu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yakienda hivi: sisi wawili tunashinda shuleni hadi jioni, kitinda mimba anapelekwa nasari ya jirani asubuhi na mapema, mama anakwenda kazini akiwa na roho safi. Tena shuleni tulikula. Mchana kulikuwa na sahani ya githeri, na katika nyumba nyingi za huku sahani hiyo ndiyo chakula cha uhakika cha siku. Shule ilikuwa mwalimu, mpishi na yaya, lakini tulikuwa tukiiita mwalimu tu. Zilipofungwa, watu wakasema "masomo yamesimama". Kumbe si masomo peke yake yaliyosimama.

Wiki ya kwanza mama alielewana na jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akisuka vikapu vya majani ya mkoma. Shilingi hamsini kwa siku, na uji juu yetu. Mpango huo ulidumu siku sita. Siku ya saba jirani akasimama mlangoni, mbali kidogo, leso mdomoni, akasema, "Mama watoto, usikasirike. Wewe unatoka hospitalini, na mimi nina wajukuu." Mama hakukasirika. Alisema tu, "Nimekuelewa, dada," akaingia ndani, akakaa juu ya kitanda na viatu vyake miguuni. Halafu akaniita. "Wewe ndiye mkubwa," akaniambia. "Utakaa na watoto."

Hapo ndipo penye somo langu la lugha, na naomba nikawie kidogo. Sisi huku husema "kukaa na mtoto". Nani atakaa na mtoto? Nani anakaa na watoto wa mwalimu? Hebu tazama kitenzi chenyewe. Kukaa ni kutulia mahali, ni kupumzisha mwili juu ya kiti. Lakini aliyekaa na mtoto wa miaka miwili na nusu anajua kwamba hakuna kitendo kilicho mbali na kiti kama hicho. Anachota maji, anawasha jiko, anapoza uji, anafua, anakimbia, anatoa jiwe mdomoni, anambembeleza, anakimbia tena. Yote hayo lugha yetu imeyaita kukaa. Linganisha na kitenzi "lea". Kutoka "lea" tunapata lelewa, malezi, ulezi, mlezi. Hiki ni kitenzi chenye heshima. Mtu akilea huitwa mlezi, hata chama cha shule kina mlezi. Mtu akikaa na watoto haitwi mkaaji wa watoto. Haitwi kitu.

Basi nilikaa na watoto. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na zamu za mama zikabadilika kwa sababu yake. Mara nyingine aliondoka jioni kabla ya saa moja na kurudi asubuhi, akiwa amelala robo usiku au hajalala kabisa. Nyumba yetu ni ya mabati. Ukitaka kujua joto la Lodwar saa nane mchana ndani ya mabati, uliza mkate. Siku moja ya Aprili, baada ya usiku ambao kitinda mimba alikuwa na homa na mimi nilikuwa macho naye, usingizi ulinichukua mchana, mlango ukiwa wazi ili upepo uingie. Nilipoamka hakuwepo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwenda kucheza mpira. Niliita mpaka sauti ikakatika. Msimu ule mvua ilikuwa kubwa, na laga ya Kawalase, ambayo siku nyingi ni mchanga mtupu, ilikuwa inateremsha maji. Akina mama wawili waliokuwa wakirudi kutoka kuuza makaa walimkuta ameketi karibu na ukingo, akirusha vijiwe majini, akicheka.

Hakuna aliyenipiga. Mama aliporudi nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Akaninyamazia kitambo, kisha akasema, "Kosa si lako. Wewe pia ni mtoto." Wiki hiyohiyo akatupeleka Kakuma kwa ata.

Kwa wenzangu wasiojua Kiturkana: ata ni nyanya. Redio ya kule Kakuma inaitwa Ata Nayeche, kwa jina la bibi anayetajwa katika masimulizi ya asili ya Waturkana. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na gari la abiria 14 wakati huo liliruhusiwa kubeba 8 tu, kwa hivyo nauli ilipanda. Mama alilipa kwa pesa za kukopa. Ata wetu hakai kambini. Anakaa upande wa mji, miongoni mwa wenyeji, ana mbuzi wachache na uzee mwingi. Nyumba yake ilikuwa imejaa wajukuu kabla hatujafika, maana sisi hatukuwa peke yetu. Mjomba, shangazi, kila aliyekuwa na kazi Lodwar au Lokichoggio alikuwa amepata wazo lilelile. Tulihesabiana siku ya kwanza: watoto tisa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sijui wangesema nini juu ya mikono miwili ya bibi mmoja na wana tisa, na mwaka wenyewe ni mwaka wa nzige.

Kati ya wale tisa mimi ndiye niliyekuwa msichana mkubwa. Unaweza kubahatisha kilichofuata. Ata alikwenda na mbuzi asubuhi, mimi nikabaki na watoto. Jioni alinitania kwa kuniita "toto". Sasa hapa pana utamu. Kwa Kiswahili toto ni mtoto, tena mkubwa wa mwili. Kwa Kiturkana toto ni mama. Ata alikuwa ananiita mama, na mtu wa kutoka bara au pwani akipita angesikia naitwa mtoto. Wote wawili wangekuwa wamesema kweli.

Na kuna aliyepita. Alikuwa mama mmoja Mkongomani kutoka kambini, aliyekuwa akileta vitenge mjini na kuuza nyumba kwa nyumba. Alinikuta nje, kitinda mimba mgongoni, mwingine ameshika sketi yangu. Akauliza, "Yaya yabo iko wapi?" Nilijibu kwa adabu kwamba hatuna yaya, mama hana pesa ya kuandika yaya. Akacheka sana, akanigusa bega. "Wewe njo yaya yabo!"

Nilikasirika kidogo moyoni. Nilidhani ananiita hausgeli. Ata ndiye aliyemuuliza, kwa Kiswahili chake cha kuunga, na yule mama akaeleza kwamba kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. Mtoto mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina tu, humwita yaya, na ni neno la heshima. Yeye mwenyewe alikuwa amemwacha yaya mmoja nyumbani kambini, binti yake wa miaka kumi na mitatu, na watoto wanne, ili aje auze vitenge.

Msomaji, nakuomba uyaweke maneno haya mawili bega kwa bega. Yaya wa Kenya ni mtu wa kuajiriwa. Yaya wa Kongo ni mtoto mkubwa wa nyumba. Asili zao huenda hazikutani popote. Lakini mwaka 2020 yalikutana katika mgongo wangu, na katika mgongo wa binti yule ambaye sikupata kumwona. Aprili 29 Waziri Fred Matiang'i alipiga marufuku watu kuingia na kutoka katika kambi za Kakuma na Dadaab. Mama wa vitenge hakuja tena. Mara kwa mara nilijiuliza kama binti yake alipata kupumzika, kwa kuwa sasa mama alishinda nyumbani, au kama walilala njaa kwa sababu hiyohiyo.

Masomo ya redio yalikuwepo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha vipindi kupitia KBC, na ata alikuwa na redio ndogo ya sola. Nilijaribu. Lakini maji nayo yana saa zake, na foleni ya mitungi haimngoji mtu amalize sehemu. Mdogo wangu wa kiume alisikiliza vizuri kuliko mimi. Si kwamba ana akili zaidi (ataisoma makala hii, na hilo nalisema mbele ya mashahidi). Yeye hakuna aliyemwambia akae na watoto. Julai 7 tulisikia kwa redio hiyohiyo Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akisema mwaka wa masomo umepotea na mitihani ya KCPE na KCSE haitafanywa mwaka huo. Ata aliuliza, "Mwaka unapoteaje?" Hakuna aliyemjibu.

Sisemi ilikuwa makosa kufunga shule. Ugonjwa ulikuwa mgeni na watu walikuwa wakifa. Nasema tu kwamba wengine walifunga na kukumbuka kuuliza nani atabaki na watoto. Uingereza shule zilipofungwa Machi 20, milango iliachwa wazi kwa watoto wa wauguzi, wa polisi, wa madereva wa kupeleka chakula, na wenzao. Italia serikali ilitoa posho ya kulipia yaya, euro 600, na kwa wahudumu wa afya 1,000. Najua, sisi si Italia. Lakini mfanyakazi wa usafi wa hospitali ni yuleyule popote. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Mtoto akishazaliwa na kupita hapo, sheria hiyo haina likizo ya siku ambayo shule imefungwa. Jirani zetu nao kila mmoja alikwenda njia yake: Tanzania ilifungua shule zote Juni 29, 2020, na Uganda, ambayo toka Turkana si mbali hata kidogo, haikufungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Hesabu mwenyewe wasichana wa kule walikaa na watoto muda gani.

Likizo ya Agosti iliyopita nilizunguka na daftari, Lodwar na Kakuma, nikiwauliza wazazi waliokuwa kazini mwaka ule walifanyaje. Muuguzi mmoja alipeleka watoto wake Kitale kwa dada yake, akawaona mara mbili tu mwaka mzima. Muuza samaki sokoni alikwenda nao kazini, akawapanga chini ya meza kama mitungi. Mwalimu wa msingi wa Kakuma aliniambia kitu sikukitarajia: yeye mshahara ulikuja nyumbani akiwa ameketi, basi majirani wote wakaona ana nafasi, wakamletea watoto wao. "Nilikuwa na darasa barazani," akasema, "ila la kupangusa kamasi." Na kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa yaya wa kuajiriwa katika nyumba ya mfanyakazi wa shirika. Alilala kwa mwajiri wake miezi mitano, Jumatatu hadi Jumamosi. Nikamuuliza, na watoto wako je? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni. "Walikaa na dada yao."

Katika watu kumi na wawili niliowauliza, saba walitaja binti mkubwa, watatu walitaja nyanya. Hiyo si takwimu ya taifa, ni daftari langu tu. Lakini nilipowauliza "alikuwa akifanya kazi gani?" karibu wote walijibu kwa neno moja: "alikuwa akisaidia". Kusaidia ni kumshika mkono mwenye kazi. Ikiwa mwenye kazi yuko hospitalini tangu alfajiri hadi usiku, anayesaidia anamsaidia nani?

Oktoba 12, 2020, shule zilifunguliwa kidogo. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne ndio walioitwa. Nadhani umekwisha fanya hesabu. Mdogo wangu wa gredi ya nne alirudi shule, mimi wa darasa la tano nikabaki. Mama alikuja kutuchukua, tukarudi Lodwar, nikawa nampigia yeye pasi sare asubuhi, nimemfunga kitinda mimba mgongoni. Siku hizo zilikuwa nzito kuliko za Kakuma. Pale kwa ata angalau sote tulikuwa nje ya shule.

Januari 4, 2021 tulirudi wote. Sote isipokuwa wawili. Wasichana wawili wa darasa letu hawakuonekana tena, na mmoja wao alikuwa ndiye mshindani wangu wa namba katika hesabu. Tuliambiwa yuko kwao, anakaa na watoto. Siku ya kwanza mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja tueleze tulichofanya mwaka mzima. Mvulana mmoja alisema alichunga ngamia hadi mpakani, darasa likapiga makofi. Mwingine alijifunza kuendesha pikipiki. Ikafika zamu yangu. Nikasimama.

"Nilikaa tu nyumbani, mwalimu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyeninyang'anya neno, nililiacha mwenyewe. "Nilikaa na watoto" ilikuwa imeshapungua hadi "nilikaa", na mwalimu akaniambia niketi.

Miaka imepita. Kitinda mimba sasa anasoma vizuri kuliko sisi sote na hakumbuki laga. Nilipomweleza mama kwamba naandika makala hii alifikiri, akasema, "Andika kwamba nililipa. Sikuwa na pesa, lakini kila mwisho wa mwezi nilikununulia daftari." Ni kweli. Ninazo mpaka leo, tisa.

ZOEZI KWA WASOMAJI

1. Tunga sentensi mbili mbili kubainisha maana mbili tofauti za maneno haya: (a) yaya (b) toto (c) ulezi. (Kwa la tatu, wakulima wa nafaka watapata alama haraka.)

2. Eleza tofauti kati ya mzazi na mlezi. Je, mtu wa miaka kumi na miwili anaweza kuitwa mlezi? Toa sababu.

3. Andika upya sentensi hii bila kutumia kitenzi "kaa" wala "saidia": "Mwaka 2020 dada yangu alikaa na sisi akimsaidia mama."

4. Uliza nyumbani kwenu: shule zilipofungwa, nani alibaki na watoto, na alikuwa akiitwa nani?

Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama. Ya swali la nne nitayakusanya mimi mwenyewe.